Kibao cha Njiani ni Ushahidi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye ardhi yote ni milki yake, na sisi ni wapangaji tu ndani yake kwa muda aliotukadiria. Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin kwa vile walivyomuamini katika mali zao. Na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa suala katika darasa yetu na kijana mmoja, mwana wa pwani, anayefanya kazi ya udalali wa viwanja na nyumba huko Nairobi, katika mitaa ya upande wa mashariki ambayo wenyewe huiita Eastlands. Asema hivi: mimi hulipwa kwa kila mnunuzi nimletaye, tajiri wangu hunipa vibao vimekwisha kuandikwa, nami huvisimamisha njiani na kuwatembeza watu, yaliyoandikwa humo sikuyahakikisha wala sikuamrishwa niyahakikishe. Je, ujira wangu ni halali?

Tumelitazama suala hili tukaona si la kijana huyo peke yake. Wengi wetu tuna watoto, ndugu au wakwe Pumwani, Eastleigh, Umoja, Donholm na Kayole. Mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu auzaye kipande cha shamba la wazee wake, au apataye malipo yake ya mwisho baada ya miaka mingi ya kazi bandarini, aghlabu humpigia simu mwanawe aliyeko Nairobi amtafutie kiwanja. Na mwana huyo, mgeni kama babake katika mambo ya ardhi ya huko, huanza kutafuta kwa kutazama vibao. Kwa hivyo kalamu ya yule aandikaye kibao Njiru au Ruai hufika mpaka katika sanduku la mzee aliyeko Mji wa Kale. Ndiyo sababu tumeona ni wajibu tulijibu suala hili mbele ya wote.

Apitaye barabara ya Jogoo, akakata barabara ya Outer Ring, kisha akatoka mjini kwa barabara ya Kangundo, ataviona vibao hivyo kwa macho yake: vingine vikubwa vya bati juu ya nguzo za chuma, vingine vipande vya mbao vilivyopigiliwa misumari mitini, vingine karatasi tu zilizobandikwa juu ya nguzo za umeme. Viwanja vinauzwa. Hati tayari. Maji na umeme vipo. Dakika 5 kutoka lami. Bei hii ni ya mwezi huu tu. Na kwa kuwa Nairobi, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4, na wengi wao ni wapangaji, hapana ajabu kwamba maneno hayo husomwa kwa pupa. Mwenye kulipa kodi kila mwezi akisikia kwamba naye aweza kupata mahali pa kulaza watoto wake pasipo kuamrishwa na mtu kuhama, moyo wake hutangulia mbele ya akili yake. Hilo si kosa lake. Kosa ni la yule aujuaye udhaifu huo akaufanya mtaji.

Jawabu yetu kwa ufupi ni hii. Ujira wa dalali asili yake ni halali. Imamu Bukhari ametaja katika Sahihi yake kwamba Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hassan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Lakini kibao ni ushahidi. Mwenye kukisimamisha njiani amesimama yeye mwenyewe pale, usiku na mchana, akiwaambia maelfu ya watu asiowajua kwamba jambo hili liko hivi. Ikiwa analijua kuwa ni kweli, ameshuhudia haki. Ikiwa analijua kuwa ni uongo, ameshuhudia uongo. Na ikiwa halijui, amelisema asilolijua, na Mwenyezi Mungu katika Suratul Israai, aya ya 36, ametukataza kufuata tusiyokuwa na ujuzi nayo, akatuonya kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Hakusema ataulizwa tajiri peke yake.

Huo ndio ufupi wake. Ama urefu wake, tutautaja kwa mambo manne ambayo ndiyo makubwa katika vibao hivyo.

La kwanza ni kipimo. Katika biashara ya viwanja ya Nairobi na majirani zake, neno lililozoeleka ni thumuni ya eka, yaani sehemu moja katika nane, nalo aghlabu hutajwa kwa kiwanja cha futi 50 kwa 100. Sasa na tufanye hesabu pamoja. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Ukiigawa kwa 8 utapata 5,445. Lakini 50 mara 100 ni 5,000 tu. Zimepotea futi 445, nazo ni nafasi ya vyumba vitatu vidogo. Huenda muuzaji akasema kwamba hizo zimetoka kwa ajili ya njia ya kupitia, na huenda akasema kweli; basi na aandike hivyo. Na lau atauza kiwanja cha futi 40 kwa 80 kwa jina lilo hilo la thumuni ya eka, atakuwa ametoa futi 3,200 na kuchukua bei ya 5,445. Je, kuna tofauti gani baina ya huyu na mwenye duka aliyekata kipande cha jiwe lake la mizani? Sura nzima imeteremshwa kuwatisha wapunjao vipimo, nayo ni Suratul Mutaffifin. Wengi wetu huisoma tukidhani ni habari ya wauza nafaka. Lakini mwenye kupunja kibaba cha mchele amemnyima mtu chakula cha siku moja, na mwenye kupunja kiwanja amewanyima watoto wa mtu na wajukuu wake. Na ardhi ina onyo lake mbali: katika hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametupa habari kwamba mwenye kuchukua ardhi kwa dhulma, hata ikiwa ni kiasi cha shibiri moja, atavikwa shingoni hadi ardhi saba.

La pili ni kuuza kisichokuwa milki ya muuzaji. Sahaba Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mtu amjiaye kutaka kununua kitu ambacho hana, naye akienda sokoni kukinunua ili amuuzie, akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Hakim alikuwa ataka kukinunua kweli kile kitu kisha akitoe, na bado alikatazwa. Itakuwaje basi kwa mwenye kuuza kiwanja ambacho ni cha serikali, au cha mtu mwingine, au alichokwisha kumuuzia mwingine mwaka jana? Maneno haya mawili, hati tayari, ndiyo yaliyowaponza watu wengi. Katika ardhi kubwa za makampuni na vyama vya kununua ardhi, kama ilivyokuwa katika ardhi ya Embakasi Ranching upande wa Ruai, mnunuzi hupewa cheti cha hisa na karatasi ya kura ya kiwanja, akadhani ameshika hati ya milki. Kumbe hisa ni hisa na hati ni hati. Na kwa miaka mingi pametokea huko mizozo ya watu wawili au zaidi, kila mmoja ana karatasi yake, na kiwanja ni kimoja.

Na kila apandaye basi kutoka Mombasa hupita Syokimau kabla ya kuingia Nairobi. Hapo, mwezi wa Novemba mwaka 2011, matingatinga yalibomoa majumba mazuri ya watu kwa kuwa ardhi ile ilisemwa kuwa ni ya mamlaka ya viwanja vya ndege. Wenye majumba walikuwa na karatasi mikononi, walinunua kwa fedha zao, wengine kwa mikopo, wakajenga mchana kweupe na hapana aliyewazuia. Karatasi zao zikasemwa kuwa si za haki. Kisha mwezi wa Mei mwaka 2020, tukiwa ndani ya Ramadhani ya mwaka 1441, katika mvua na katika wakati wa maradhi ya korona, watu kwa maelfu waliondolewa Kariobangi, karibu na mahali pa kusafishia maji machafu, kwa hoja kwamba ardhi ile ni ya kampuni ya maji ya mji. Walifuturu chini ya mvua pamoja na watoto wao. Hatuna nia ya kuhukumu hapa baina ya wenye kubomoa na wenye kubomolewa, kwani hayo yana mahakama zake. Twasema tu kwamba katika balaa za namna hii, nyuma ya karatasi mbovu mna mtu aliyeiuza, na nyuma ya muuzaji mna karani aliyegonga muhuri. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 188, ameyakataza mambo mawili kwa pamoja: kuliana mali kwa batili, na kuyapeleka mali hayo kwa mahakimu ili kipatikane cha dhulma. Tazameni jinsi yalivyoambatana. Hapana hati ya uongo isiyopita mezani kwa mtu.

La tatu ni kuficha aibu ya jengo. Hapa, ndugu zetu, jambo hutoka katika mali likaingia katika roho za watu. Usiku wa tarehe 29 Aprili mwaka 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa 6 lilianguka katika mtaa uitwao Huruma. Walifukuliwa maiti kwa siku nyingi, na idadi yao ilifika karibu na 50. Alitolewa mtoto mchanga wa kike akiwa hai baada ya siku zaidi ya 3 chini ya kifusi, na hiyo ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Jengo lile lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kutajwa na wakaguzi kuwa halifai kukaliwa na watu. Lakini vyumba vilikuwa vimejaa wapangaji, na kila mwezi kodi ilikuwa ikipokelewa.

Wakaguzi wa majengo huchora alama ya X kwa rangi nyekundu juu ya ukuta wa nyumba iliyo na hatari. Na hiyo nayo ni kibao. Ndicho kibao cha kweli kuliko vyote mtaani. Sasa fikirini: ukuta mmoja una alama ya X, na mlango wake una karatasi isemayo vyumba vya kupanga. Mashahidi wawili wamesimama juu ya ukuta mmoja, mmoja akadhibisha mwenziwe. Na lau mwenye nyumba atapaka rangi juu ya ile alama ili mpangaji asiione, atakuwa amefanya nini? Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Akamuuliza mwenyewe: ni nini hiki? Akasema kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione, kisha akatamka neno zito, kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hiyo ilikuwa nafaka tu, na aibu yake ni unyevu utakaokauka juani. Mtu yule hata hakusema uongo. Alinyamaza tu, akaipanga ile kavu juu. Basi mwenye kupanga rangi mpya juu ya nguzo dhaifu atasema nini mbele ya Mola wake, na waliolala ndani wamekufa?

La nne ni haraka ya uongo. Vimebaki viwanja viwili tu. Bei itapanda Jumatatu. Na siku ya kwenda kutazama, dalali humpigia simu mwenziwe mbele ya mnunuzi, wakajifanya kuwa kuna mtu mwingine ataka kulipa leo leo. Hii ndiyo najshi aliyoikataza Mtume (S.A.W.), nayo ni mtu kuongeza bei ya kitu asichotaka kukinunua ili amhadae mwingine. Zamani ilifanywa kwa mdomo mnadani. Siku hizi yafanywa kwa simu ya mkononi. Hukumu haikubadilika kwa kubadilika chombo.

Wako watakaotujibu: hii ni desturi ya biashara, kila mtu ajua kwamba kibao husifu, na mnunuzi na afungue macho yake. Twasema: kusifu kitu kwa sifa iliyomo si haramu. Mwenye kusema kwamba kiwanja kiko mahali pazuri hakulaumiwa, kwani uzuri ni rai ya mtu. Lakini dakika 5 si rai, ni hesabu. Na hati tayari si sifa, ni habari, na habari ama ni kweli ama ni uongo. Ama kusema kwamba mnunuzi na afungue macho, ni kweli kwamba yampasa. Lakini sheria yetu haikumwachia mnunuzi mzigo wote. Imempa hiari ya kurudisha kitu kikionekana na aibu iliyofichwa. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika mauzo yao, na wakificha na kusema uongo, baraka ya mauzo yao hufutwa. Neno lile la kubainisha ndilo tulilolisahau. Kunyamaza juu ya aibu ni uongo usio na sauti.

Wengine watasema: mimi ni mchora vibao tu, napewa maneno nayaandika. Twamjibu kwa uadilifu: usiyemjua na usichokijua hukulazimishwa kukichunguza, wala hatumtii dhambi fundi kwa kosa la tajiri asilolijua. Lakini ukijua kwamba kiwanja kile kina kesi, au kwamba wewe mwenyewe mwezi uliopita ulichora kibao kingine cha kiwanja kilo hicho kwa jina la mtu mwingine, basi umekwisha kuingia, kwani tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Na haya yamhusu pia mwenye redio apokeaye tangazo, na Imamu akubaliye viwanja vitangazwe baada ya sala ya Ijumaa bila ya kuuliza. Watu humuamini Imamu kuliko kibao. Kwa hivyo ushahidi wake ni mzito zaidi.

Na jirani je, asiyeuza wala asiyenunua? Imam Ghazali amesimulia katika Ihyaa kisa cha sahaba Wathila bin Al-Asqai. Alikuwa amesimama mahali, mtu mmoja akamuuza ngamia wake kwa dirhamu 300, naye Wathila alikuwa ameghafilika. Mnunuzi alipokwisha kwenda zake na ngamia wake, Wathila akatanabahi, akamfuata mbio akimwita, akamuuliza: umemnunua kwa ajili ya nyama au kwa kupanda? Akasema: kwa kupanda. Akamwambia kwamba katika ukwato wake mna tundu aliloliona, na hataweza safari ndefu. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100. Muuzaji akamlaumu Wathila kwamba amemharibia biashara yake. Naye akajibu kwamba walimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Ndugu zetu, mitaani mwa Eastlands wako watu wengi waonao tundu katika ukwato: ajuaye kwamba kiwanja kile kiko katika njia ya mto, ajuaye kwamba nyumba ile ilijengwa usiku na saruji haikutosha. Humwona mgeni akipita na dalali, wakanyamaza wakisema si shauri yetu. Wathila alikimbia kumfuata mtu asiyemjua.

Katika vibao vyote vya huko kuna kimoja ambacho hakitaki kuuza kitu, nacho ndicho kilichotusikitisha zaidi. Juu ya ukuta au geti, kwa herufi kubwa, yameandikwa maneno kwamba nyumba hii, au kiwanja hiki, hakiuzwi. Mgeni huweza kucheka: je, kuna haja ya mtu kutangaza kwamba haiuzi nyumba yake? Haja iko. Kwa kuwa matapeli huuza mali ya mtu mwenyewe akiwa safarini, na ndugu huuza nyumba ya mirathi bila ya idhini ya ndugu zake, watu wameona hapana budi kuandika. Mji ambao mtu hulazimika kuandika ukutani kwamba chake ni chake, ni mji uliopungukiwa na amana. Hiyo ndiyo hasara ya vibao vya uongo: havimdhuru yule aliyevisadiki peke yake, vimemfanya kila mtu asimsadiki mwingine, hata msema kweli naye kibao chake hakisadikiwi.

Wala tusiwaone watu wa Nairobi kuwa wao ndio wabaya na sisi wa pwani tumesalimika. Juu ya nguzo zizo hizo za umeme, karibu na tangazo la viwanja, hubandikwa karatasi isemayo mganga kutoka Pemba, au mganga kutoka Tanga, arudishaye mali iliyopotea na kesi ya ardhi. Jina la miji yetu la uchamungu na elimu limegeuzwa kuwa alama ya ushirikina, na aliyetapeliwa kiwanja mchana humwendea mganga usiku akatapeliwa mara ya pili. Na majumbani mwetu, ni wangapi waliouza nyumba ya marehemu baba yao na dada zao hawakuulizwa, au waliogeuza mali ya wakfu kuwa milki yao? Fungu la binti limetajwa ndani ya Kur'ani kwa hesabu. Mwenye kulitia katika kibao cha kuuza bila ya ridhaa yake ameuza asichokuwa nacho, kama yule wa Ruai.

Na bado wazee wetu walituachia mfano mwema. Mombasa kwetu kuna desturi ya tangu zamani ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwenziwe, akamlipa kodi ya ardhi, na akitaka kuuza husema wazi kwamba auza nyumba, ardhi si yake. Maneno matatu tu, nyumba bila ardhi, na mnunuzi amejua anunuacho na asichokinunua. Hata Pumwani, mtaa ulioanzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920 na ambao Waislamu wengi wenye kusema Kiswahili walijenga humo nyumba na misikiti, wenye nyumba walimiliki kuta na mapaa, na ardhi ilibaki mikononi mwa serikali ya mji. Mpango huo una taabu zake, nasi hatuusifu kwa kila jambo. Lakini twasifu kusema kweli kilichomo. Biashara ya kitu pungufu yawezekana kuwa halali ikiwa upungufu umetajwa. Na biashara ya kitu kizima huharibika ikiwa kimesifiwa kwa kisichokuwemo.

Basi twawausia ndugu zetu mambo haya. Mwenye kununua asitoe hata shilingi ya arubuni kwa sababu ya kibao. Kwanza na aende kupekua daftari ya ardhi, nayo kwa ardhi ya Nairobi imeanza kutazamwa kwa njia ya mtandao wa serikali uitwao Ardhisasa tangu mwezi wa Aprili mwaka 2021. Kisha na amchukue mpima ardhi aliyesajiliwa amwonyeshe mipaka, na awaulize majirani, kwani wao ndio wajuao mto hupita wapi mvua ikinyesha. Na amuulize dalali kama amesajiliwa, kwani sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi ya mwaka 1984 imekataza mtu kufanya kazi hiyo bila ya kusajiliwa. Mapatano yaandikwe na yashuhudiwe, kama tulivyoamrishwa katika aya ndefu kuliko zote za Kur'ani, iliyo katika Suratul Baqara. Haya si kukosa tawakkul. Mfunge ngamia wako, kisha mtegemee Mola wako.

Na mwenye kuuza, kibao chake na kiseme mambo haya: urefu na upana kwa futi au kwa mita; namba ya kiwanja iliyoandikwa katika daftari; ikiwa kilichopo ni hati ya milki, au cheti cha hisa, au barua ya kugawiwa tu; mwendo wa kweli hadi barabarani; na jina la mwenye kuuza, si namba ya simu peke yake. Wala asikipigilie juu ya mti ulio hai, wala asikisimamishe penye kona kikawazibia waendao kwa miguu, kwani njia ina haki yake, na kuondoa udhia njiani ni sadaka. Itakuwaje kwa mwenye kuutia?

Ama wewe kijana uliyetuuliza, Mungu akuzidishie hofu njema iliyokufanya uulize, kwani wengi wako katika kazi hiyo na hawakuuliza. Rudi kwa tajiri wako umtake akuonyeshe karatasi za kila kiwanja kabla hujasimamisha kibao chake. Ulichokihakikisha, kitangaze na chukua ujira wako kwa moyo mkunjufu. Ni halali yako na una thawabu za kumsaidia mtu kupata maskani. Usichokihakikisha, usikiseme. Na tajiri akikataa kukuonyesha, amekwisha kukujulisha ulichokuwa ukitaka kukijua. Mwache, na mwenye kumcha Mungu hufunguliwa mlango asioudhania. Ama watu uliowapeleka zamani kwa kibao ulichokuja kukijua kuwa cha uongo, watafute uwaambie, wapate kudai haki yao kabla ya kujenga. Ni jambo zito, twajua. Lakini ni jepesi kuliko kudaiwa nao siku ambayo hapana dinari wala dirhamu, ila mema ya mtu huchukuliwa akapewa aliyemdhulumu.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali na ututosheleze nayo. Wape makao waliobomolewa, na uwarehemu waliofia chini ya majengo, na uwape subira waliobaki. Zitengeneze ndimi zetu na kalamu zetu zisishuhudie ila haki. Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammadin wa ala alihi wa sahbihi wa sallam. Walhamdu lillahi Rabbil alamin.